Mheshimiwa wa Madoadoa

Jumatatu, 6 Machi
Daktari wa meno ametangaza: Ijumaa atateua mkuu wa mapokezi. Ni mimi au keshia, tunayemwita Mama Risiti. Miaka sita napokea mashavu yaliyovimba, na bado naitwa “wewe wa mlangoni”! Mama Risiti anapendwa kwa sababu ya kamba wake saba, wadogo, wekundu, kwenye tangi la samaki pale wagonjwa wanaposubiri. Wakiwatazama wanasahau hata jino. Nami nitaleta kivutio changu.

Jumanne, 7 Machi
Nimenunua samaki. Urefu wa kidole, madoadoa mwili mzima. Muuzaji kasema hana makuu, anakaa tu juu ya tumbawe. Kweli! Kaegemea mapezi yake, macho yanazunguka, hasogei. Nimemwita Mheshimiwa. Wagonjwa wamemsifu. Mama Risiti kanuna mpaka saa ya kufunga. Siku njema sana.

Jumatano, 8 Machi
Kamba wamebaki wawili. Mama Risiti kawahesabu mara tatu, kisha akaniuliza. Nikamweleza kitaalamu kwamba kamba huvua gamba, halafu hujificha mpaka gamba jipya liwe gumu. Hayo nimeyasoma kwenye karatasi ya dukani. Akaridhika. Mheshimiwa hajasogea. Tumbo limetuna kidogo, nadhani ni gesi.

Alhamisi, 9 Machi
Kamba: hakuna. Mama Risiti bado anasubiri magamba yakomae, maskini.

Daktari naye kaleta samaki wawili wadogo wa manjano, zawadi ya mkewe. Akauliza nani atawatunza. Nikajitolea kabla hajamaliza kuuliza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, Mama Risiti!

Saa nne Mheshimiwa akachomoka kwenye tumbawe. Sikujua kama anaweza! Nikaona mkia wa manjano unaning'inia mdomoni mwake. Shahidi alikuwa mmoja tu, mzee aliyekwisha kuchomwa sindano ya ganzi. Daktari alipotokea, mzee akaanza kunyoosha kidole kwenye tangi, maneno hayaeleweki, mate yanatiririka. Nikatafsiri kwamba mzee anashukuru kwa huduma nzuri. Daktari akampa mkono. Mzee alinitazama vibaya mno.

Ijumaa, 10 Machi
Ganzi huisha. Hilo sikulifikiria.

Mzee kaja asubuhi na mapema. Jino hana, ulimi anao. Kasimulia yote mpaka rangi ya mkia. Daktari akainama kwenye tangi. Wa manjano hayupo hata mmoja. Mheshimiwa yuko juu ya tumbawe, kashiba, hana habari na mtu. Mama Risiti akauliza kwa sauti ndogo kama kamba wake nao ndiyo basi. Nikamsogezea boksi la tishu.

Daktari hakunifokea. Alisema taratibu, “Barua nilishaiandika. Ilikuwa na jina lako.” Akalikata kwa kalamu, akaandika la Mama Risiti, akampa barua. Nimelia chooni, sifichi.

Jumamosi, 11 Machi
Amri ya kwanza ya mkuu mpya: nisugue tangi. Nimesugua. Wakati nasugua nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu, na nimeligundua: Mheshimiwa hana wa kumwogopa. Mchana nikapita dukani. Yupo mkunga, yule samaki kama nyoka, mrefu kama mkono wangu, meno yote nje. Muuzaji kaniapia kwamba hang'ati mtu aliyemzoea.

Nimemchukua. Jumatatu Daktari ataniomba radhi mwenyewe.