Bodi Sita za Kwenda Maparoni

Jumanne, 2 Septemba

Leo, kwa heshima zote ninazojipa, nimeanza rasmi ujenzi wa kinanda cha umeme. Si cha kununua. Cha kuunda! Kwa mikono yangu mwenyewe, hapa kibandani Kibiti, ambapo hadi jana nilikuwa fundi redio tu.

Sababu ni hii. Shemeji yangu Mwantumu, mdogo wa mke wangu, anaolewa kisiwani Maparoni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama mkwe, Bi Mwanaheri, ametangaza kwamba mpiga kinanda wa shughuli ni Twalha, binamu wa mke wangu, mwenye kinanda cha dukani kutoka Dar. Nimewasilisha pingamizi kwa simu. Mama mkwe amelisikiliza hadi mwisho, jambo la kutia moyo. Kisha akasema haya, baba, lete hicho chako. Kikilia utapiga wewe, kikinyamaza utakaa kwenye mbuzi ukune nazi za wali na kina mama. Nimesikia watu wakicheka nyuma yake.

Miaka yote hii ukweni naitwa yule aliyeua redio ya mama. Sasa basi!

Alhamisi, 4 Septemba

Usanifu umekamilika. Sehemu ya kuendeshea kinanda nimeigawa katika bodi sita zinazojitegemea: ya besi, ya kasi, ya mwangwi, ya mtetemo, ya sauti nene na ya sauti nyembamba. Kila bodi ina vinobu vyake vya kuzungusha na plagi yake. Ikiharibika moja, nyingine zitaendelea kuhudumia umma. Isitoshe, zote zinaingia kapuni, na kapu linaingia kwenye boti. Ni nani amewahi kufikiria hivyo katika ukoo ule?

Zamda, mke wangu, ameuliza kama si rahisi zaidi kumwachia Twalha apige, tukale wali kwa amani. Nimeendelea kuhesabu plagi.

Tatizo ni moja. Njia za umeme huchorwa juu ya shaba kwa rangi ya kucha, kisha bodi huzamishwa kwenye tindikali. Shaba isiyopakwa huliwa, iliyopakwa hubaki. Mkono wangu umezoea bisibisi, si brashi. Mistari niliyojaribu imetoka kama nyayo za kaa matopeni.

Jumamosi, 6 Septemba

Wazo! Bi Maimuna, mpaka hina wa mtaani kwetu, huchora mstari mwembamba kama unywele, tena kwenye mkono wa bibi harusi asiyetulia. Nani amzidi? Nimempelekea bodi zote, mchoro wa mfano, chupa za rangi ya kucha za Zamda (mwenyewe hajajulishwa) na maelekezo ya maandishi. Nanukuu hapa, kwa kuwa sentensi inastahili kutunzwa: "Tafadhali uchore njia hizi kwa umakini, unadhifu na nakshi inayolingana na hadhi ya shughuli." Nimeisoma tena na tena. Haina dosari.

Bi Maimuna amezigeuzageuza bodi akaniuliza, mwanangu, hii mikono ya nani, mbona ya mraba? Nimecheka kwa adabu.

Jumanne, 9 Septemba

Msiba! Bodi zilirudi jana jioni. Umeme ulikuwa umekatika, rangi nyekundu iko juu ya shaba nyekundu, nami nikazizamisha kwenye tindikali kwa imani. Asubuhi nimezisafisha.

Maua! Kila njia imechipua majani. Ya besi imetambaa ukingoni, ikakumbatiana na ya mwangwi. Kwenye pembe kuna mikorosho yenye mabibo yake. Njia ambazo hazikupaswa kukutana hata kwa bahati mbaya sasa zimekuwa ndugu wa damu.

Nimekwenda kulalamika. Bi Maimuna amenitazama kana kwamba nimekuja kurudisha hina. Bodi ilikuwa uchi, mwanangu, amesema. Wewe unapeleka harusini kitu kiko uchi? Tena si umeandika mwenyewe nakshi? Nimemfafanulia kwamba neno hilo liliwekwa kwa ajili ya uzito wa sentensi. Amesema basi siku nyingine nipunguze uzito.

Shaba nyingine sina. Nimelehemu hivyo hivyo. Matokeo: nikizungusha kinobu cha kasi, besi inanguruma. Nikizungusha cha besi, mwangwi unakimbia. Mara nyingine hakuna kinachosikika kabisa. Nikigusa ua kwa kidole, kinanda kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia! Zamda amecheka hadi akakaa chini. Kisha akaziona chupa zake tupu. Hakucheka tena.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkakati wa akiba: Twalha asifike mapema, ili kinanda changu kifungwe kwanza na wakwe wakizoee. Nilimwarifu, kwa lugha rasmi, kwamba boti inaondoka Nyamisati alasiri. Sisi tukafika asubuhi, saa yake halisi.

Nahodha akasema maji yametoka, boti imekaa kwenye matope, mpaka yajae. Yamejaa alasiri! Twalha amewasili ameshiba, ameoga, akanishukuru mbele ya abiria wote kwa taarifa sahihi. Mimi nilikuwa nimekaa juani tangu asubuhi, juu ya gunia la vitunguu. Kisha akajibana kando yangu na kunishikia kapu njia nzima lisipate maji ya chumvi. Akauliza, shem, humu mna nini? Nikasema vifaa. Akanusa. Mbona vifaa vyako vinanukia rangi ya kucha?

Zamda aligeukia mikoko. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa sina sauti. Yaliyotokea jana nayaeleza kwa mpangilio, ingawa hayakuwa na mpangilio.

Nilizifunga bodi zote mezani, nikaunganisha betri na spika. Mama mkwe akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Pembeni yake mbuzi ya kukunia nazi, imeelekezwa kwangu! Nikafungua kwa hotuba fupi kuhusu nafasi ya elimu ya kujitegemea katika ustawi wa burudani. Shemeji Mwantumu akapaza sauti kutoka chumbani alikofichwa: shemeji, piga, mie nitazeeka humu ndani!

Nikazungusha kasi. Kimya. Besi. Kimya. Mwangwi, mtetemo, vyote. Kimya. Twalha akaanza kufungua begi la kinanda chake, taratibu, kwa huruma iliyoniuma kuliko dharau. Mama mkwe akaisogeza mbuzi kwa mguu mpaka ikanigusa goti.

Hapo mama mmoja wa upande wa bwana harusi akainama mezani. Hee! Nani kaipaka hina mitambo? Akaweka kidole kwenye ua.

Kinanda kikapiga yowe! Mama akaruka nyuma. Akarudi. Akagusa tena. Mwenzake akagusa jani, besi ikatikisa masufuria. Wa tatu akabonyeza bibo, mwangwi ukazunguka uwanja mzima. Mara meza haikuonekana tena. Mikono yenye hina juu ya bodi zenye maua, kila kidole na mlio wake, wapiga ngoma nao wakaingia, vigelegele juu! Mchiriku wa namna ile, muziki wetu wa kinanda na ngoma, haujapata kusikika. Twalha akatupa begi, akaomba nafasi, akagusa korosho moja, akacheka kama aliyetekenywa. Mama mkwe aliishika bodi ya mwangwi na hakuiachia hadi wali ulipopakuliwa. Kisha, mbele ya ukoo wote, akanishika bega na kuniita fundi wangu.

Fundi wangu!

Nilianza hotuba ya shukrani. Vigelegele viliimeza.

Jumanne, 16 Septemba

Nimerejea Kibiti. Simu haitulii. Watu wa Mtawanya wanakitaka kinanda cha maua Ijumaa hii. Wa Mkongo wanauliza kama bibi yao anaweza kuja kupiga besi.

Baada ya tafakuri ya kina, nimebaini siri ya mafanikio: mgawanyo wa bodi, pamoja na hotuba. Maua yalikuwa kasoro ambayo umma uliivumilia kwa ukarimu. Umma haupaswi kuvumilia tena. Kwa hiyo tangu alfajiri nakwangua, kwa wembe, jani kwa jani. Bi Maimuna amepita, akashika kichwa, akaondoka bila kuaga. Twalha amepata habari, amepiga simu akilia, shem, nakuomba, usiguse kitu! Wivu wa wazi.

Adhuhuri kazi imekwisha. Njia zote zimenyooka. Hakuna inayoingilia shughuli za mwenzake. Nimekiwasha rasmi, nimezungusha kila kinobu na kuketi mbele yake, mikono juu ya magoti. Zamda ameingia, akatega sikio kwenye spika, akauliza kwa nini nimekizima.

Nimemjibu, kwa fahari, kwamba kinawaka tangu adhuhuri.