Siku Saba Bila Kuzima Amplifaya

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeanza. Kabla ya kwenda kazini nimewasha amplifaya, na sitaizima tena. Amplifaya si balbu. Ukiizima inapoa, ikipoa inanuna. Ikikaa na moto wake kutwa, sauti inaiva. Nani kaniambia? Hakuna. Nimegundua mwenyewe!

Mke wangu, fundi cherehani, anaitaka meza ya dirishani inapokaa amplifaya, kwa ajili ya mwanga. Tumekubaliana: Jumapili mama yake atasikiliza. Sauti ikiwa nzuri kuliko leo, meza ni yangu milele. Ikiwa ileile, cherehani inahamia.

Mama mkwe anakaa nasi mwezi huu. Kafundisha kwaya miaka thelathini. Masikio yale! Mtu akikosea noti barabarani, yeye jikoni anakunja uso. Kasikiliza wimbo mmoja, kasema tayari kauweka kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika plasta ya kidonda juu ya swichi ya amplifaya, nikaitia sahihi. Atakayegusa atajulikana. Mke wangu kauliza mgonjwa anaendeleaje. Sisi wagunduzi hatujibu.

Jioni: plasta nzima, taa nyekundu inawaka. Nimemwondoa paka wetu, Meneja, aliyekuwa amelala juu yake, nikaweka kiganja. Moto! Moto wa taratibu, kama shati lililotoka kupigwa pasi.

Alhamisi, 6 Machi

Maajabu. Nilikuwa kwenye kochi, macho nimefumba, Meneja karudi mahali pake. Chini kabisa ya gitaa la besi nikasikia mngurumo ambao sijawahi kuusikia katika wimbo ule. Mzito, laini, unakuja na kuondoka. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika.

Nikamwita mama mkwe ashuhudie. Kasikiliza, kamtazama Meneja, kanitazama mimi, kasema kweli, mngurumo upo. Kausikia! Nampenda sana mama huyu.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi redio, alipita kuchukua bisibisi yake. Nikamwuliza kitaalamu. Eti kuiacha inawaka kutwa ni kuchakaza vipuri na kula umeme bure. Eti dakika kumi za kupasha moto zinatosha. Dakika kumi! Mikono yake ni ya dhahabu, hilo nakiri. Masikio ni ya mbao.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemnunulia mama mkwe mto mpya wa kuegemea. Si hongo, ni adabu. Pia nimesogeza kitufe cha sauti juu kidogo, unene wa ukucha tu. Hakuna binadamu atakayegundua.

Jumapili, 9 Machi

Nimefuta vumbi. Nimempeleka Meneja uani kwa heshima ya shughuli. Mama mkwe kaegemea mto, shemeji kakaa mlangoni, mke wangu kashika futi yake ya kupimia, keshaanza kupima meza. Wimbo ukaanza.

Mngurumo haupo! Nikautafuta chini ya besi, patupu. Nikamkazia macho shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama mkwe katoa hukumu: sauti ni ileile ya Jumatatu, ila imepandishwa kidogo, kama unene wa ukucha. Masikio gani haya, jamani! Hata nikishindwa, nitashindwa mbele ya bingwa. Lakini nikamwambia haiwezekani, siku saba haijazimwa, plasta ni shahidi. Ndipo akanishika mkono.

"Mwanangu, ukitoka tu kwenda kazini, naizima pale ukutani. Nikisikia geti, naiwasha. Sikutaka kukuvunja moyo."

Nikauliza, na ule moto je? Mke wangu kafungua mlango wa uani. Meneja kaingia, kapanda juu ya amplifaya, kajikunja. Mngurumo ukaanza.

Shemeji akaomba kutoka nje kidogo, mabega yakimtikisika. Cherehani ilihamia kabla chai haijaiva.

Jumatatu, 10 Machi

Amplifaya iko sakafuni, pembeni ya kapu la vitambaa. Nimeumia. Ile meza niliipenda. Ingawa, kusema haki, mke wangu pale dirishani anashona kama malkia.

Kazini nimefikiri sana, na nimeona tulipokosea sote. Tulibishana kuhusu umeme! Umeme hauhusiki. Mama mkwe mwenyewe, kwa masikio yale, alikiri mngurumo upo. Basi asiyetakiwa kuzimwa ni Meneja.

Limebaki tatizo moja dogo. Meneja analalia upande wa kushoto tu, na spika ni mbili. Jirani ana paka jike, mnene, kifua kipana. Kesho asubuhi naenda kumwazima, akae kulia.