Mvuje Katika Chumba cha Vitabu

Jumapili, 12 Januari

Kibibi amepata kazi. Hoteli moja ya Watamu imegundua kwamba wageni wake hawawezi kuendelea kuishi bila mahamri na mbaazi, na mke wangu ndiye atakayewaokoa. Ataondoka alfajiri, atarudi alasiri. Heri kwake. Shari kwangu. Nani atabaki na Ubaid, miaka miwili, mdomo umejaa meno, adabu sifuri?

Kibibi alikuwa na jibu tayari. Mama yake! Bi Rufaida wa Mambrui atakuja kukaa nasi. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, atalala wapi. Akasema chumba cha mbele, kile cha makaratasi.

Makaratasi! Maktaba yangu! Maisha mazima ya kununua, kuazima na kusahau kurudisha! Chumba pekee katika mtaa wetu wote wa Shella ambamo mtu anaweza kufikiri bila kuombwa ashike mtoto.

Na si chumba peke yake. Mimi nimegombana na diwani, na imamu, na mng'oa meno, na kila mhariri aliyekataa makala zangu. Lakini mama mkwe hagombwi. Mbele yake mimi ni shikamoo Mama, ndiyo Mama, Mama asema kweli. Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamume mzima, ulimi umekunjwa kama mkeka. Kwa siku za Idi huvumilika. Kwa mwaka, nitapasuka.

Nikatangaza kwamba mtoto nitamlea mwenyewe. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua za malalamiko, na katika nchi hii kazi hiyo haiishi, nami naifanyia hapa hapa nyumbani. Nitamlea kwa mafuta ya nazi na majani ya Mungu, bila makopo ya mabepari. Kibibi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema haya. Jumamosi Mama anakuja kutusalimia. Akimkuta mtoto mzima na nyumba imesimama, chumba ni changu. La sivyo, ni chake.

Hapo ningenyamaza. Nikaongeza: na kidole ataacha kunyonya!

Jumatatu, 13 Januari

Kidole. Ubaid hunyonya dole gumba la kulia mchana kutwa, kwa bidii ambayo ofisi zetu za umma hazijapata kuiona.

Wataalamu wa kwenye simu wanasema mtoto aelezwe kwa upole. Nikamweleza kwa upole. Nikampa historia ya jambo lenyewe, hoja zangu na hitimisho. Alinisikiliza vizuri sana, huku ananyonya.

Basi, shubiri. Bibi zetu wameachisha watoto ziwa pwani nzima kwa kupaka shubiri, bila semina wala mfadhili. Nilipata donge kwa muuza dawa sokoni, nikaliloweka, nikampaka. Akatia mdomoni. Akakunja uso. Akanitazama kama hakimu anavyomtazama shahidi wa uongo. Nikashangilia!

Akahamia kidole cha kushoto.

Nikapaka cha kushoto. Akachukua cha kwangu.

Na shubiri haitoki kwa maji matupu, wala kwa sabuni, wala kwa laana. Nami nikiandika hung'ata kalamu. Chai chungu. Wali mchungu. Embe chungu, tena boribo, dhambi isiyo na toba. Jirani yangu Kitsao, fundi mwashi na mjuzi wa kila kitu, alinisikia nikitema mate uani akaja kuegemea ukuta. Akasema kwao Ganze hutumia pilipili. Nikamwuliza matokeo yake huwaje. Akafikiri. Akasema mtoto hulia, mama hulia, na baba hulala kwa dada yake. Lakini ni dawa nzuri, mwalimu, kama anavyopenda kuniita. Nzuri sana.

Kibibi aliporudi alitaka kujua kwa nini mtoto anakikimbia kijiko. Nikamwambia ameanza kuwa na msimamo.

Jumatano, 15 Januari

Leo ilikuwa zamu ya mbu. Ubaid ameamka na madoadoa kama kanga. Kibibi, akiwa mlangoni, alisema tumia chandarua kile kilichotoboka, ukishone. Kushona! Wakati uani kumesimama mkilifi, yaani mwarobaini, mti uliochukua jina la kwetu, ambao mbu wanauogopa kuliko waziri anavyoogopa swali!

Watu wa kawaida huchoma majani makavu machache kwenye chetezo. Ndiyo sababu ni watu wa kawaida. Mimi nilijaza majani mabichi kwenye karai, juu ya makaa, nikaliweka maktabani, kwa kuwa mbu hujificha nyuma ya vitabu. Wana akili kuliko wageni wangu wengi.

Moshi ulitoka! Mzito, mweupe, wa heshima. Ubaid, niliyemweka ukumbini, alipiga makofi na kusema neno analolipenda kuliko baba yake: tena!

Ndipo Kitsao alipoona moshi dirishani. Hakubisha hodi. Hakuuliza. Alipiga ukelele wa moto, mkewe Kache akaleta maji, na kabla sijamaliza kukohoa ndoo zikaanza kuingia kupitia dirisha. Maji yenyewe, si ndoo. Isipokuwa ya mwisho, ambayo iliingia yote.

Kitsao akasimama pale nje, kifua mbele, akingoja shukrani. Akasema, mwalimu, ningechelewa kidogo tungekuwa tunakuchimbia kaburi. Nikamwambia sikuwa naungua, nilikuwa nafukiza. Akalitazama karai. Akavitazama vitabu vikielea. Akasema hata hivyo ni vizuri jirani kuwa tayari.

Ubaid: tena!

Mbu walitoka wote, wakiwa wazima, wakaenda kukaa kwa Kitsao. Faraja ndogo. Magharibi wakarudi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeanika maktaba uani. Falsafa kwenye kamba pamoja na leso za Kibibi. Historia juu ya mabati. Majirani wanapita na kuuliza kama nauza.

Nilikuwa nimepiga marufuku nepi tangu Jumatatu, kwa hoja. Ule ni ubeberu wa makalio. Babu zetu walipita humu duniani bila plastiki kiunoni na wakajenga miji. Leo Ubaid alisimama juu ya kitabu changu kikubwa cha sheria za ardhi, akatafakari, akakikojolea. Sikumkemea. Ni uhakiki mfupi kuliko wangu, na wa haki zaidi.

Lakini ana vipele vya joto mgongoni. Mama mkwe atakuja keshokutwa, na jicho lake linaona kipele kupitia kanzu. Kesho, mafuta ya nazi.

Ijumaa, 17 Januari

Maandiko yote yanasema mpake mtoto mafuta kidogo. Kidogo! Neno la waoga. Nilimpaka kuanzia utosini hadi nyayo, mbele na nyuma, mpaka akang'aa kama samli.

Jambo ambalo maandiko hayasemi: mtoto wa namna hiyo hashikiki.

Nilimwinua, akateleza. Nikamdaka, akateleza tena, akacheka, akaona mlango. Uchi, anang'aa, akakata kona kuelekea msikitini. Na saa zenyewe ndizo hizo watu wanatoka kuswali Ijumaa. Kanzu nyeupe, nyuso za unyenyekevu. Kila aliyejaribu kumshika alibaki na mikono mitupu na doa kifuani. Mzee mmoja alikaa chini ghafla. Mwingine akasema huyu si mtoto, huyu ni mkunga, yule samaki. Nami nyuma, chupa mkononi, nikipiga kelele mkamateni, kama muuza mafuta aliyeibiwa na bidhaa yake.

Aliyemkamata ni imamu. Yule yule ambaye hatusemezani naye tangu niandike kuhusu kipaza sauti chake! Alivua kilemba chake taratibu, akakitandaza, akangoja Ubaid aingie mwenyewe, akamfunga kama sambusa. Akanikabidhi.  Alitabasamu. Ningependelea anipige.

Kibibi alikuwa amekwisha kusikia kabla hajashuka kwenye tuktuk. Akaniuliza swali moja tu: kama bado nautaka huo mtihani wa kesho, au Mama aje na sanduku kabisa. Nikamwonyesha mgongo wa mtoto. Vipele vimepoa! Akakiri vimepoa. Akasema na sisi sote tumepoa.

Jumamosi, 18 Januari, asubuhi

Sikufumba jicho. Lakini nimepata wazo, na ni wazo la kiwango cha juu.

Kosa langu wiki nzima lilikuwa kumtengeneza mtoto. Mtoto hana kosa. Cha kutengenezwa ni chumba! Mama mkwe akikichukia chumba, mtoto anaweza kupaa angani, na bado hatakaa.

Mvuje! Ule utomvu mkavu ambao wanawake wetu huufunga kidogo katika kitambaa cheusi na kumvika mtoto, kumkinga na jicho la hasidi. Unanuka kama kitunguu kilichofia ndani ya kiatu cha askari. Kipande kama punje ya mtama hutosha nyumba nzima. Nimechukua donge lote la muuza dawa. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja, ila mahasidi ni wengi.

Nimetundika vifurushi kila pembe ya maktaba, nyuma ya mlango, chini ya godoro la kitanda alichokwisha kukiingiza Kibibi. Vitabu nimevihamishia stoo kwa muda, visiharibike. Bi Rufaida ni mwanamke wa udi na asumini, hata leso zake huzifukiza. Atafungua mlango na kurudi Mambrui kinyumenyume. Nami sitakuwa nimesema neno. Heshima imelindwa. Nani kama mimi?

Jumamosi, jioni

Amekuja. Shikamoo Mama. Nimembusu mkono. Ubaid safi, amevaa, hang'ai. Kidole mdomoni, lakini kwa staha. Nikamkaribisha mwenyewe aone chumba. Nikasimama kando nisikanyagwe akikimbia.

Akafungua mlango. Akavuta pumzi. Akasimama.

Akalia.

Si kwa kuchomwa na harufu! Kwa mapenzi! Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema miaka yote alidhani mkwe wake ni mtu wa vitabu, anayadharau mambo yetu, kumbe amemwandalia chumba chenye harufu ya chumba cha marehemu mama yake. Akasema siku hizi nyumba zote zinanuka sabuni. Akakaa kitandani. Akavua viatu.

Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ikisema, karibu Mama. Ilikuwa yangu.

Kibibi akasimama mlangoni, leso imebana pua, mabega yanatetemeka. Nikadhani naye analia.

Jumapili, 19 Januari

Naandika kutoka stoo, juu ya gunia la makaa, kichwa kikigusa nazi.

Nilimwuliza Mama kuhusu kidole, angalau nipate hapo hoja. Akasema mwacheni, ataacha mwenyewe. Kibibi alinyonya mpaka alipoanza shule, na leo Wazungu wanampigania. Ndiyo Mama. Mama asema kweli.

Kisha akanitazama vizuri, akasema mbona mwanangu umekonda, wewe nawe una jicho la watu. Akanifunga mvuje shingoni kwa mkono wake. Siwezi kuuvua. Asubuhi mteja mmoja alikuja kulalamikia mpaka wa shamba, akafika barazani, akageuka. Amesamehe.

Na haya ndiyo niliyoambiwa na Kibibi leo, kwa furaha isiyo ya kibinadamu. Mama jana hakuja kukaa. Alikuja kukataa! Magoti yake yanauma, kuku wake hawana mtu, na tangu aolewe hajapenda kulala nje ya Mambrui. Njia nzima kwenye tuktuk alikuwa anatafuta maneno ya kutuambia bila kutuudhi. Kisha akaunusa ule mvuje. Akamwambia Kibibi kwamba kuondoka sasa itakuwa kumvunja moyo mkwe aliyejitaabisha hivi.

Ningelala tu Jumamosi. Ningelala, nikaamka, nikasema shikamoo.

Kitsao, kutoka ng'ambo ya ukuta, upande upepo unakotoka, amenipa pole. Akasema kwao Ganze mvuje hauna kazi hiyo. Kwao hutumia kitunguu saumu.

Jumanne, 21 Januari

Nimefikiri kwa utulivu na kuona kosa liko wapi. Kosa halikuwa mbinu. Kosa lilikuwa kiungo.

Jana nilisaga kitunguu saumu, kichwa baada ya kichwa, nikakichanganya kwenye chupa ya mafuta ya ufuta ambayo Mama hujichulia magoti. Harufu hii haina kumbukumbu ya mama wa mtu. Mwanamke anayefukiza leso hawezi kuishi ndani yake. Nilimkabidhi chupa kwa mikono miwili. Akasema ahsante mwanangu. Nikasubiri.

Leo asubuhi aliamka, akajinyoosha, akaenda sokoni kwa miguu! Akarudi kwa miguu! Akamshika Ubaid mikono wakazunguka uani kama wako arusini, Ubaid akipiga kelele tena, tena! Akasema madaktari wamemhangaisha miaka, na mkwe wake amemponya kwa chupa moja. Sasa haondoki mpaka Ramadhani iishe. Na kwa kuwa magoti yamepona, kilichobaki kumrudisha Mambrui ni kuku tu. Amemwagiza mjukuu wa jirani yake wa kule amletee wote. Watalala stoo.

Stoo!

Nimetulia. Hili nalo lina dawa. Kuku, kama viumbe vyote vya Mungu, hawapendi moshi, na mkilifi ule uani umechipua majani mabichi, mazito, mazuri kuliko ya Jumatano. Karai nimekwisha kulisugua.

Nimeinua macho sasa hivi. Kitsao ananitazama juu ya ukuta, na nyuma yake Kache anajaza ndoo.