Sakafu Tano za Chumba Kimoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeaminiwa! Mke wangu anafungua duka la mikate kwenye chumba chetu cha mbele. Ijumaa saa nne bwana afya anakuja kukagua. Anachotaka ni sakafu laini, iwe moja, isiwe na ufa wala kiungo cha kukaa uchafu. Bila hivyo, hakuna leseni. Mke wangu amekanda unga wa watu miaka kumi na moja akiingoja siku hii, na mimi amenikabidhi jambo moja tu: nimwite fundi wa epoksi, ile rangi nzito inayomwagwa sakafuni ikaganda kama kioo, anayeitwa Kimya, yule aliyemwekea kaka yake sakafu ya gereji.

Hiyo gereji ya shemeji! Inang'aa mpaka mtu anaweza kujitazama akanyoa ndevu. Tukienda kumsalimia anatuvulisha viatu mlangoni. Gereji!

Kimya alikuja asubuhi, akabandika kipande cha nailoni sakafuni, akaenda zake. Jioni akakibandua. Matone kwa ndani. Akasema sakafu inatoka jasho, bomba la sinki linavuja chini kwa chini. Lizibwe, sakafu ikaushwe kwa mafeni, isagwe kwa mashine, ndipo imwagiwe. Akianza kesho alfajiri, Ijumaa atawahi.

Sakafu itoke jasho, imefanya kazi gani? Nimemwambia nitampigia simu. Sitampigia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata akili! Nimegundua kwamba mafundi wa epoksi humwekea mteja kipande cha mfano bure, aone rangi na mng'ao. Hatua tatu kwa tatu. Chumba nimekipima, ni sita kwa sita. Sasa, chumba kina pembe ngapi? Nne. Mafundi wanne, pembe nne, sakafu nzima imekwisha! Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimewapata wanne. Ili wasilegeze mkono, kila mmoja nimemwambia kwamba Ijumaa saa nne kuna mkubwa anakuja kuiona kazi yake, na akiipenda atampa ofisi nzima aiwekee sakafu.

Mke wangu ameuliza kama kazi imeanza. Nimesema mambo yanakwenda, ila asiingie mpaka Ijumaa, nataka afurahi mara moja. Amenishika mkono. Shemeji alikuwepo, akaguna. Mguno wa wivu, naujua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ngumu. Mafundi wasione pembe za wenzao, nimetundika mashuka kwenye kamba. Wa kwanza alimwaga rangi nyekundu. Wa pili akaja na ya kijivu, akauliza nyuma ya shuka kuna nini. Nikasema kuna mgonjwa. Akanyata kwa heshima, akafanya kazi nzuri kuliko wote. Wa tatu akataka kumjulia hali mgonjwa. Ikabidi nizunguke nyuma ya shuka, nikohoe, niseme hajambo kidogo. Akamwombea dua ndefu. Nikaitikia. Huyo ana kijani peke yake, masalio ya ukumbi fulani. Wa nne akanyunyiza vimetameta, akasema sakafu isiyometameta ni umaskini wa roho.

Kila mmoja alisema sakafu haijasagwa na ina unyevu. Kila mmoja nikamwambia ni mfano tu.

Mashuka mawili yamegandia kwenye epoksi. Nimeyakata kwa mkasi. Mke wangu ana mashuka mengi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Pigo! Chumba si hatua sita kwa sita. Ni saba kwa saba. Nilipima nikiwa na furaha, nadhani nilirefusha hatua. Katikati umebaki msalaba wa saruji tupu, upana wa hatua moja, toka ukuta hadi ukuta.

Sikukata tamaa. Mafundi walisahau makopo yenye masalio. (Niliyasogeza nyuma ya mgonjwa.) Kuna makopo ya rangi, na kuna makopo ya dawa ya kuigandisha. Nimechukua rangi ya huyu na dawa ya yule, nikakadiria kwa macho, nikakoroga. Ndoo ikapata joto, ikatoa moshi. Nikaona ndiyo nguvu yenyewe hiyo. Nimemwaga msalaba wote. Rangi yake haina jina.

Mpaka jioni haujakauka. Kesho utakuwa umekauka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Haujakauka. Unanata kama ulimbo. Na pembe zote nne zimetoka malengelenge, ya kijani makubwa kuliko mengine.

Saa nne kamili wakafika mafundi wanne kwa pamoja, kila mmoja akakimbilia kusimama kwenye pembe yake. Wakatazamana. Wa tatu akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Kabla sijajibu, bwana afya akaingia, mke wangu na shemeji wakimfuata. Akakanyaga msalaba. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Akajizuia kwa mguu wa pili. Nao ukatoka. Akasimama na soksi juu ya kijani, wanne wakamnyooshea mikono kutoka pembeni, kila mmoja akimsihi aje upande wake kwanza.

Akaandika kidogo kwenye karatasi yake. Kisha akasema taratibu: "Leseni natoa kwa sakafu moja. Hapa nimehesabu tano."

Mke wangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama mlangoni na aproni yake mpya, akaniambia: "Nilikuomba upige simu moja tu, baba watoto. Moja."

Nikaona aibu. Aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya sakafu, lakini hata huko kuna bomba linavuja. Bwana afya amempa wiki moja, ya mwisho. Amekwenda kwa ndala zangu. Mke wangu amempigia Kimya mwenyewe, na Kimya ametoa sharti moja: nisionekane.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nipo kwa shemeji. Nimevua viatu. Kimya ameziba bomba, amekausha, amezisaga zote tano, na wale wanne amewaajiri wamsaidie. Nasikia wanasimuliana kuhusu mgonjwa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Leseni imetoka! Sakafu moja, kijivu, laini kama yai. Mke wangu alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akaniruhusu kuingia, bila viatu. Amenisamehe. Ameapa kwamba shughuli yoyote ya mafundi hainihusu tena, nami nimekubali kwa moyo mweupe.

Ingawa tukisema haki, nani aliyewaleta mafundi wote wale chini ya paa moja? Mpango ulikuwa mzuri. Kilichoniponza ni hatua moja.

Jioni hii nimeona duka halina bango. Mchoraji si fundi, kwa hiyo katazo hilo halimhusu. Na wachoraji, nimeuliza, humchorea mteja herufi moja ya mfano bure. Duka litaitwa MKATE MOTO. Herufi tisa. Nimepata wachoraji wanane.

Ya tisa nitachora mwenyewe.