Dhahabu Iliyokiaibisha Kisima Chetu

Kitongoji cha Bondeni,
Njia ya Kiberege.

Kwa Mkuu wa Mradi wa Kupima Maji kwa Dhahabu,
Ifakara.

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Huku kwetu mpunga umechanua vizuri, ila mimi, Hermenegildi, mwenyekiti wa kamati ya kisima, silali kwa hasira. Nakuandikia kuhusu kile kichupa chenu cha dhahabu ya kupimia maji.

Ni kweli niliyewaita ni mimi. Niliwaita mje mpime kisima cha jirani yetu Nkwabi, Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake, ili ijulikane rasmi kwamba ng'ombe wanachafua maji. Kisima chetu kilikuwa cha kulinganishia tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dhahabu yenyewe ina mashaka. Tangu nizaliwe najua dhahabu ni ya njano. Ya kwenu ni nyekundu kama juisi ya rozela! Mtaalamu wenu, binti Dorika, alitueleza kwamba ni chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, na zikikutana na sumu ya dawa za shambani hujikusanya pamoja, rangi ikageuka bluu. Haya. Lakini kitu kinachoficha rangi yake ya kuzaliwa tutakiaminije kwenye ushahidi?

2. Kichupa cha maji ya Nkwabi kilibaki chekundu. Cha kwetu kikawa bluu hata sijamaliza hotuba ya kuwakaribisha wageni. Mbele ya Nkwabi! Angecheka ningevumilia. Yeye akanipa pole.

3. Dorika, baada ya kuniamkia vizuri kabisa, akaniuliza mabomba ya kupulizia dawa ya mpunga tunayaoshea wapi. Sasa hilo nalo swali? Kitongoji kizima tuna mabomba mawili, tunaazimana. Kwetu mtu harudishi bomba la watu likiwa na mabaki ya dawa, ni kukosa adabu. Tunayaosha pale pale kisimani, na sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe: anayerudisha bomba chafu anatozwa jogoo. Leo usafi nao umekuwa kosa?

4. Wanawake wamekihama kisima. Mke wangu Yosefina, mke wa mwenyekiti jamani, anakipita kisima cha mumewe na ndoo tupu kwenda kwa Nkwabi. Mkwe wangu Restuta, mwenye mimba tuliyoisubiri miaka na miaka, naye kanigomea. Maji yetu hata kunawa hataki. Nimeumia, Ndugu Mkuu. Nimeumia sana.

Kwa hiyo kamati ilikutana, wajumbe wengine wakiwa na udhuru, nikaazimia kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa bluu ndiyo iwe rangi ya maji salama. Mbingu ni za bluu. Vazi la Bikira Maria ni la bluu. Nyekundu ni ya hatari, hata taa za barabarani huko mjini zinasema hivyo. Tunaomba dhahabu yenu ielekezwe upya, na ikikaidi, basi nayo ichukuliwe ikapimwe.

Wasalimie wataalamu wote, madereva wenu na mama anayewapikia chai. Dorika naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi niliyechafuliwa jina,
Hermenegildi,
Mwenyekiti.

N.B. Barua imechelewa kuondoka kwa sababu Restuta amejifungua mtoto wa kike, mdogo kweli kweli, lakini sauti anayo. Maji ya kumwogesha namchotea mimi mwenyewe kwa Nkwabi, nikizungukia mashambani ili watu wasinione na ndoo. Sasa jana Nkwabi aliazima bomba letu, na kwa kuwa ni mtu wa adabu zake, leo amelirudisha linang'aa. Sijathubutu kumuuliza ameliosha wapi. Ndugu Mkuu, mtume Dorika aje leo hii na kile kichupa, na mniombee kibaki chekundu. Mtoto leo bado hajaogeshwa.