Swala la Nyuma ya Mlango

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Kutetea Uwindaji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu,

Salamu nimeziweka mwishoni zisije zikanilegeza. Naandika kwa heshima zote kukuarifu kwamba najitoa chamani. Mimi sipendi uwindaji. Sijaupenda hata siku moja katika miaka tisa ya uanachama wangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Niliingia kwa makosa. Ukuta wenu wa nje umeandikwa kwa herufi kubwa TUNATETEA SWALA LA UWINDAJI, lakini mlango wa ofisi ukifunguliwa unafunika maneno mawili ya mwisho. Siku niliyopita mimi ulikuwa wazi. Nikasoma TUNATETEA SWALA, nikamkumbuka yule mnyama na macho yake, nikasema moyoni hapa ndipo penyewe, nikaingia kujaza fomu. Yale maneno mengine niliyasoma wakati wa kutoka, kadi ikiwa tayari mfukoni. Mngeandika "suala" kama watu waliokwenda shule, yote haya yasingetokea.

2. Tangu hapo nimepinga kila hoja. Mkanipachika jina la Bwana Sikubali, nikavumilia. Lakini siku hizi Katibu anaandika kura yangu kabla kikao hakijaanza. Juzi nilikohoa tu, ikaandikwa kwamba nimepinga. Ni kweli nilikuwa nataka kupinga, ila angesubiri nimalize kukohoa.

3. Mwaka jana mlinituma serikalini kuwasemea, eti kwa kuwa nawajua vizuri wapinzani wenu. Wapinzani gani, Mwenyekiti, zaidi yangu? Nilikwenda nimeazimia kuharibu. Bahati mbaya yule ofisa alinijibu kwa dharau, na mimi nikidharauliwa huwa sijizuii. Nilisema kwa saa nzima. Msimu wa kuwinda ukaongezwa miezi miwili. Nilirudi na aibu yangu, mkanipigia makofi, na niseme kweli, makofi yalininogea. Hilo siwasamehe.

4. Mkanizawadia pembe. Nimezitundika sebuleni kwa sababu marehemu dada yako alinizoeza kutotupa kitu cha kupewa. Sasa wajukuu wanatundikia mabegi ya shule, na mimi nikila nakaa nimezipa mgongo.

5. Hili ndilo lililonikata maini. Miaka tisa nawapinga, na hamjanifukuza! Hata onyo sijapata. Chama gani hiki kisichojiheshimu? Kila Alhamisi mnaniwekea kiti, mnanimiminia chai, mnaniuliza goti langu linaendeleaje, kisha mnanisikiliza mpaka mwisho. Mtu atawachukiaje watu wa namna hii? Nimejaribu, shemeji. Nimeshindwa, na nimechoka kushindwa.

Kwa hiyo naomba barua hii isomwe Alhamisi mbele ya wanachama wote na kupigiwa kura. Naomba pia mlango wa ofisi ung'olewe kabisa, asije akanaswa mpenda wanyama mwingine.

Nisalimie Katibu na mwandiko wake wa haraka. Msalimie mwalimu mstaafu, ambaye kwa maisha yake yote hajapata kumlenga mnyama akampata, Mungu amzidishie. Mkeo mwambie viatu vyake viko tayari tangu Jumatatu.

Wako katika kutokubaliana,

Fundi viatu wa mtaa wa pili
(Bwana Sikubali)

Nimesahau kidogo: Shemeji, tangu dada yako atuache, nyumbani nabishana na redio, na redio hainijibu. Alhamisi nitafika saa kumi kama kawaida, kiti changu asipewe mtu. Barua hii ikifika kwenye kura, mwambie Katibu aniandikie mapema kabisa kwamba napinga.