Utepe Mwekundu Shingoni mwa Dumu

Jumatatu, 9 Juni
Injini imezima tena katikati ya maji. Abiria saba! Nimevuta kamba mara thelathini na moja, kisha nikashika kasia. Mapigo mia mbili na kumi na mawili hadi gatini. Niliyahesabu, maana hakuna aliyetaka kuzungumza nami. Bibi mmoja tu aliniuliza kama hii ndiyo ile boti ya injini aliyosikia ikisifiwa.

Nimefungua plagi zote mbili za kuwashia injini. Nyeusi, zimelowa, zinateleza kama kambare. Na Jumamosi Mwalimu Mkuu anakuja kuijaribu boti. Ikivuka bila kuzima, nitawavusha walimu wake tisa kila asubuhi. Ikizima, kazi inakwenda kwa Masharubu wa gati ya pili. Miaka kumi na minne nimetoka kwenye kasia la kuazima hadi injini. Nishindwe na vitu viwili vya ukubwa wa kidole gumba?

Jumanne, 10 Juni
Plagi mpya. Zimedumu safari tatu. Nikafikiri kifundi: moja nzima nyingine mbovu? Nikazibadilisha nafasi, ya juu chini, ya chini juu. Zote nyeusi vilevile. Basi kosa si la plagi. Ni la petroli! Nimemwambia muuzaji anatuuzia maji ya kuoshea vyungu. Kanijibu mbele za watu kwamba Masharubu anachukua petroli hiyohiyo, na Masharubu hajaonekana akipiga kasia. Watu wakacheka. Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 12 Juni
Moshi wa buluu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tunaimiliki boti hii pamoja, anasema injini imechoka. Mtu alikuwa fundi viatu. Anajua nini kuhusu uchovu wa injini? Kuchanganya mafuta ni kazi yangu: petroli lita ishirini na tano, oili nusu lita. Hamsini kwa moja. Hesabu hiyo naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Na kwa kuwa injini inaugua, naiongezea kifuniko kimoja cha upendo. Oili haijawahi kumdhuru mtu.

Ijumaa, 13 Juni
Mke wangu kanisimamisha mlangoni, chupa tupu nne za oili mkononi, za nusu lita kila moja. Kauliza tangu Jumatatu nimechanganya madumu mangapi. Mawili. Mbona chupa nne, basi? Nikazihesabu chupa upya. Shemeji, aliyekuwa akinywa chai yetu, akainamia kikombe. Mwishowe akakiri: kila dumu jipya, alfajiri kabla sijafika, naye humimina nusu lita yake. Kwa nini? Kwa sababu ananijua, kasema; ninavyojisifia hesabu ndivyo ninavyosahau. Kumbe oili maradufu ndiyo iliyokuwa ikilowesha plagi!

Mke wangu kasema mmoja amezaliwa naye, mwingine amemchagua mwenyewe, na wa pili ndiye anayemuuma.

Nimekaa kwenye ngazi za gati nikiwaza. Wiki nzima nimepima plagi, petroli, hewa. Kitu kimoja sikukipima: kwamba mtu anaweza kuona haya kuniambia haniamini, akaona afadhali aiambie injini. Na kile kifuniko changu, kilikuwa kikiiambia nini?

Hukumu ya mke wangu: kuanzia leo anachanganya shemeji peke yake. Akimaliza, anafunga utepe mwekundu shingoni mwa dumu. Utepe upo, oili ipo. Utepe haupo, aweke.

Jumamosi, 14 Juni
Plagi safi, mchanganyiko wa shemeji. Mvuto mmoja! Mwalimu Mkuu alikaa mbele akisahihisha madaftari hadi ng'ambo, wala hakuinua kichwa. Nimefungua plagi: kavu, kahawia, rangi ya biskuti. Kazi ni yetu, kuanzia Jumatatu. Shemeji kanikumbatia. Nusura nilie. Kweli, kuaminiana ni nusu ya ufundi.

Jumapili, 15 Juni
Nimelikagua dumu la kesho. Utepe upo. Lakini utepe ni kitambaa tu. Hata mbuzi anaweza kuvishwa utepe. Na walimu ni tisa! Nimefungua, nimeweka nusu lita ya oili. Ya tahadhari. Si kwamba simwamini shemeji.

Fundo lake la fundi viatu limenishinda kulirudisha. Utepe nimeutia mfukoni. Si neno. Shemeji hulipitia dumu alfajiri kabla yangu. Akiona utepe haupo, atajua la kufanya.